Mtoto anakaa huku na huku: jinsi ya kudai matunzo na stahiki zake wazazi mkiwa mmeachana (Arusha na Moshi)

Naandika kwa wazazi mlioachana, au ambao hamkuwahi kuishi nyumba moja kabisa, na mtoto anakaa kwa mama siku za shule halafu wikiendi na likizo yuko kwa baba, au kinyume chake. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Arusha na kesi nyingi zinazonifikia ni za matunzo, watu wanatoka Unga Limited, Sombetini, Ngaramtoni, Usa River, wengine wanapanda Coaster asubuhi kutoka Moshi kwa sababu mzazi mmoja yuko Pasua mwenzie yuko Sakina, na swali ni lilelile, tunagawana siku za mtoto sasa hela nani anamdai nani? Anayedai ni mtoto. Nyie wawili mnamdaia tu. Ukilishika hilo hata ugomvi unapungua, maana mnaacha kuhesabu nani alimkosea nani mnaanza kuhesabu mtoto anakula nini, anavaa nini, analala wapi.

Niweke sawa kitu kimoja mapema. Huku kwetu hakuna posho ya serikali ya kila mtoto kila mwezi kama wanavyopata Uingereza. Stahiki za mtoto zinatoka sehemu mbili: kwa wazazi wenyewe, hayo ndo matunzo, na kwenye mifumo, yaani bima ya afya ya mzazi aliyeajiriwa, TASAF kama kaya ni maskini, matibabu bure kwa wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali, elimu bila ada, na mafao kama mzazi amefariki. Watu wengi wanang'ang'ania ile ya kwanza tu wanasahau hii ya pili, wakati mara nyingine ya pili ndo inapatikana haraka.

Jua sheria inasema nini, kwa kifupi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na mzazi ana wajibu wa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, mpaka muda wa kucheza. Wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kutunzwa na kusoma kwa kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hamjatengana, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine alimradi shule isiharibike. Hapo kwenye kiwango kilekile watu wanapita haraka sana. Kama mtoto alikuwa anasoma ingilishi midiamu na baba alikuwa analipa, baba kuhama nyumba peke yake sio sababu ya kumtoa shule.

Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kuona ni vizuri akae na mama, lakini sio lazima iwe hivyo, inaweza kupingwa ikionekana kwa mama hapako salama. Halafu mama akikaa na mtoto haimaanishi baba ndo amepumzika, na baba akimchukua wikiendi haimaanishi hela ya mwezi imefutika. Nimeshasikia mara nyingi sana "mimi nakaa naye siku nane kwa mwezi kwahiyo nikate siku nane". Haiendi hivyo, na kwenye hatua ya tatu nitaeleza kwanini.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

Cheti cha kuzaliwa kwanza. Bila cheti utazungushwa kila ofisi. Kama hamkufunga ndoa, jina la baba linaingia kwenye usajili wote wawili mkikubaliana, kwahiyo fanyeni mapema wakati bado mnaongea vizuri. Kama mtoto hajasajiliwa nenda ofisi ya RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) ya wilaya yako na tangazo la kuzaliwa au kadi ya kliniki.

Vingine: kitambulisho chako cha NIDA au namba, barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kadi ya kliniki, ripoti ya shule, risiti za shule na dawa. Mwombe pia mwalimu wa darasa barua fupi ya kusema mtoto anasoma pale na anayeonekana kwenye vikao vya wazazi ni nani. Walimu wengi wanaandika bila shida ukiwaeleza vizuri, na barua hiyo ina uzito kwa sababu mwalimu hana upande.

Kama baba anakana mtoto usikae kimya ukingoja abadilike. Sheria imeweka miezi 24 tangu mtoto azaliwe kwa ajili ya kumpeleka mahakamani mwanaume unayesema ndo baba, ikipita hapo inabidi uthibitishe kwamba ndani ya miezi hiyo alishawahi kutoa hela ya matunzo. Kwahiyo ile meseji ya muamala wa elfu kumi na tano aliyokutumia mtoto akiwa na miezi mitatu, usiifute kabisa! Na kipimo cha DNA hakifanywi kwa kujipeleka mwenyewe, ombi linapitia mahakama, ustawi wa jamii, polisi, wakili au mamlaka nyingine zilizotajwa kwenye sheria, halafu ndo linaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hatua ya 2: Anza daftari leo

Nunua counter book ya kawaida, ile ngumu, uigawe katikati. Nusu ya kwanza ni ya siku: tarehe, mtoto kalala wapi, nani kamchukua, saa ngapi. Nusu ya pili ni ya hela: tarehe, kitu gani, kiasi, nani kalipa. Andika siku hiyohiyo. Ukurasa wa hela unakuwa hivi:

Jan 6, viatu vya shule, 25,000, mama
Jan 6, sare pea mbili, 40,000, baba, risiti ipo
Jan 13, mchango wa chakula shule, 30,000, mama
Jan 19, homa, vipimo na dawa, 18,000, mama, nimemtumia baba picha ya risiti, hajajibu

Hiyo "hajajibu" nayo iandike. Ukifika mbele ya afisa au hakimu mtu mwenye daftari la miezi mitano hahitaji kupandisha sauti. Na usiandike matusi humo wala "leo kaja kalewa tena kama kawaida yake", andika "amefika saa 3 usiku badala ya saa 12, alikuwa amelewa" basi.

Kwa upande wa anayelipa, tena hii nawaambia akina baba kwa nguvu zote, acheni kutoa hela mkononi. Tuma kwa simu, halafu fuatisha meseji ya kawaida, "hiyo laki ni ya mtoto ya mwezi Februari". Muamala peke yake hausemi ni wa nini, kesho anaweza kusema ulikuwa unalipa deni lako. Ukinunua vitu omba risiti. Ukilazimika kutoa mkononi basi asaini kwenye daftari. Nimeona baba anayetunza kweli akashindwa kuonyesha hata shilingi, na inaumiza, kwa sababu pale anaonekana sawa na yule aliyetelekeza.

Hatua ya 3: Tenganisha gharama zinazomfuata mtoto na zinazobaki nyumbani

Hapa ndo penye mzizi wa ugomvi wa watu wanaogawana siku kwahiyo soma taratibu.

Kuna gharama zinazobaki nyumbani: chakula cha siku hizo, umeme, maji, sabuni. Hizo kila mzazi anabeba mtoto akiwa kwake. Kuna gharama zinazomfuata mtoto popote alipo: ada, sare, daftari, tuisheni, nauli ya kifodi (daladala) kwenda shule, bima, matibabu, viatu. Hizi hazipungui hata senti moja eti kwa sababu Jumamosi amelala kwa baba. Na kwenye kundi hilihili kuna ile ambayo wote wanaisahau, kodi ya chumba. Mama aliyepanga vyumba viwili Sakina kwa sababu ana mtoto, hicho chumba cha pili analipia siku zote 30 hata mtoto akiwa Moshi. Ndo maana kukata kwa kuhesabu siku hakuendi.

Chukua karatasi uandike makundi hayo mawili. Kundi la kwanza weka pembeni. Kundi la pili jumlisha kwa mwaka mzima, sio kwa mwezi, maana Januari inakula hela za miezi mitatu, halafu gawa kwa 12. Kiasi hicho ndo mnakijadili nani abebe kiasi gani, na hapo sio lazima nusu kwa nusu. Mahakama ikipanga matunzo inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna mzazi ambaye uwezo wake wa kuingiza hela umepungua, kama mlipaji ana watoto wengine, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Mzazi mwenye mshahara wa laki tisa na mwenye genge la mboga soko la Kilombero hawawezi kuchangia sawa.

Sasa kwetu huku kuna suala la sizini. Nusu ya akina baba wanaokuja mbele yangu ni madereva wa utalii, waongoza watalii, wapishi wa mlimani, wagumu (wabeba mizigo wa mlimani), au wako migodini Mirerani. Juni mpaka Oktoba hela ipo na tipu zipo, Aprili na Mei mvua za masika mtu hana safari hata moja. Ukimpangia 150,000 kila mwezi sawasawa, Aprili atashindwa, Mei atashindwa, Juni atakuwa na deni na aibu na atazima simu. Afadhali mpange viwango viwili, cha sizini na cha masika, na mambo makubwa ya Januari ayatoe kwenye hela ya sizini, aiweke mapema au ailipe shule moja kwa moja. Mlipaji wa hivyo nimeona anadumu kuliko aliyepangiwa kiwango kimoja. Asiyekuwa na salari slipu msimwache aseme tu "mimi sina kipato maalum", muulize kapanda mlima mara ngapi sizini iliyopita na kampuni gani, anajulikana.

Hatua ya 4: Kaeni, mkiweza, na muandike

Anzeni na wazee wa pande mbili au mchungaji au shehe, sio vibaya, wengi wanamalizana hapo. Ila mwisho wa kikao pawe na karatasi. Maneno ya wazee yakibaki hewani baada ya miezi sita kila upande unakumbuka yake.

Karatasi iwe na siku na hela, kila kimoja kwa tarehe. Mfano wa lugha ninayoitumia:

"Mtoto atakaa kwa mama Sakina Jumatatu mpaka Ijumaa. Baba atamchukua shuleni Ijumaa saa kumi jioni na kumrudisha Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni, nauli ni ya baba. Likizo ya Juni nusu kwa nusu. Desemba mwaka huu atakwenda kwa bibi Kibosho na baba kuanzia tarehe 20 hadi 31, mwaka unaofuata atakuwa kwa mama. Baba atatuma shilingi 100,000 kila tarehe 5, na kuanzia Juni hadi Oktoba shilingi 180,000. Sare na mahitaji ya Januari ni ya baba. Matibabu yasiyo kwenye bima ni nusu kwa nusu, risiti ikionyeshwa ndani ya siku saba."

Desemba msiiache wazi. Huku kwetu Wachaga wengi wanapanda kwao mlimani Krismasi, ukoo unataka kumwona mtoto, bibi anamngoja, na mama naye ana kwao. Ugomvi mkubwa kuliko wote wa mwaka ninaoupokea ni wa kati ya tarehe 18 na 24 Desemba, ofisi ziko mbioni kufungwa na mtoto amekaa na begi mlangoni hajui anaenda wapi.

Hatua ya 5: Nenda ustawi wa jamii

Mkishindwa kukubaliana, au mmekubaliana na mnataka iwe na nguvu zaidi, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Arusha jiji ni halmashauri ya jiji, wa Ngaramtoni ni Arusha DC, wa Tengeru na Usa ni Meru, Moshi mjini ni manispaa na wa Kibosho, Marangu, Himo ni Moshi DC. Kata nyingine zina afisa wake, ulizia kwa mtendaji kabla hujapanda gari. Nenda ya pale anapoishi mtoto siku nyingi.

Ukifika utasikilizwa peke yako kwanza, atafungua jalada, atampa mwenzio wito. Mwenzio akija mtakaa wote. Hapo toa daftari na ile karatasi ya makundi mawili na uongee kuhusu mtoto. Nasema hivi kwa upendo kabisa, dada yangu, kaka yangu, mambo ya nani alianza kuchepuka yaache nje ya ule mlango, afisa ana foleni, ukitumia dakika ishirini kwenye mchepuko zinabaki tano za ada. Mkikubaliana mnasaini, kila mmoja anapata kopi. Kopi yako ipige picha jioni hiyohiyo.

Wito asipokuja mara ya kwanza anaitwa tena. Akidharau, omba afisa akuandikie barua ya kwenda mahakamani.

Mkiwa na ndoa halali na mnataka talaka kabisa hiyo ni njia nyingine, lazima mpitie baraza la usuluhishi la ndoa kwanza. Lakini matunzo ya mtoto hayasubiri talaka iishe, yadai sasa.

Hatua ya 6: Mahakama

Ombi la matunzo linapelekwa Mahakama ya Watoto, ambayo sehemu nyingi sio jengo la peke yake, ni mahakama ileile ya kawaida inakaa kama ya watoto, faragha, bila watu wa nje kujazana. Anayeweza kuomba ni mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima. Bibi anayelea mjukuu Rau wakati wazazi wote wako mjini anaweza kuwadai wote wawili, na mabibi wengi hawajui hili.

Mahakama inaweza kumwagiza afisa ustawi afanye uchunguzi wa kijamii, atakuja kwako na kwa mwenzio kuangalia mtoto anaishije. Usifanye maigizo ya kupamba nyumba, anaangalia kama mtoto ana pa kulala, anakula, anaenda shule, anaogopa au haogopi. Omba amri itaje mambo mawili tofauti, mtoto anakaa wapi na lini, na nani analipa nini, maana ukipata amri ya malezi tu bila matunzo utarudi tena.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili yako, ulizia wasaidizi wa kisheria kwenye kata, hatutozi.

Hatua ya 7: Stahiki za nje ya mfukoni mwenu

Bima: mzazi aliyeajiriwa mwenye NHIF anaweza kuandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mtoto wake anaruhusiwa kuingia hata kama anaishi kwa mzazi mwingine. Tatizo linatokea baba akioa tena na zile nafasi nne zikajaa, kwahiyo lidai mapema na liandikwe kwenye makubaliano. Kadi isafiri na mtoto kwenye begi lake, na wazazi wote muwe na picha yake pande zote. Kadi iliyofungiwa kabatini Moshi haimsaidii mtoto mwenye homa Arusha saa tano usiku.

TASAF: inaangalia kaya, na mtoto anaandikwa kaya moja tu, ile anayoishi. Msimwandikishe huku na huku, uhakiki ukipita kaya zote mbili zinaweza kuingia matatani. Akihama kabisa kwenda kwa mzazi mwingine toa taarifa kwa mtendaji, kwa sababu ruzuku yake imeunganishwa na kuhudhuria shule na kliniki, na kama shule imebadilika atahesabika mtoro.

Shule za serikali ada hakuna tangu 2016 kuanzia awali mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita, kwahiyo mzazi akikwambia anadaiwa ada ya shule ya kata, uliza ni mchango gani hasa. Na mzazi akifariki, mtoto ana sehemu kwenye mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na kwenye mirathi, pelekeni cheti chake mapema kabla wengine hawajajaza fomu bila jina lake.

Mambo yakikwama

Hela haijaja, usimzuie mtoto kwenda kwa mwenzio. Umezuiwa kumwona mtoto, usikate hela. Hivi ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kina njia yake ya kudai, ukivichanganya wewe ndo unageuka mkosaji. Asipolipa wakati amri ipo, rudi mahakamani na daftari uombe ikaziwe, mshahara wake unaweza kukatwa. Kumtelekeza mtoto ni kosa pia, adhabu inafika faini milioni tano au kifungo miezi sita au vyote. Mimi huwa naanza na kukazia malipo, kwa sababu baba akiwa Karanga gerezani mtoto halipwi. Lakini kama kuna kipigo au mtoto anaumizwa, hapo usuluhishi haupo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, ni bure.

Na makubaliano sio ya milele. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, mzazi akipoteza kazi, mmoja akihamia Babati, rudini kwa afisa au mahakamani yabadilishwe rasmi. Kama mmebadilishana kwa meseji tu kwamba mwezi huu nusu, iandike kwenye daftari na tarehe, na meseji uitunze mpaka karatasi mpya isainiwe.